Kuipima timu ya chuo katikati ya msimu kwa simu moja na daftari

Mechi tano au sita zimeshapita. Pointi ziko pungufu kuliko mlivyotarajia, au zimezidi mpaka watu wameanza kulewa sifa, na kila mtu kwenye benchi ana maelezo yake. Meneja anasema straika hana bahati. Nahodha anasema pumzi. Wa hosteli wanasema kocha. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo makocha wapya wa vyuo huliuliza kila mwaka: tutajuaje timu inacheza vipi hasa, na tuanzie wapi?

Mwongozo huu ni wa timu ya soka ya chuo isiyo na mchambuzi wa kuajiriwa wala hela ya kununua programu. Kazi nzima inakula jioni nne au tano. Ifanye kwenye wiki ambayo ratiba imewapa nafasi, si siku mbili kabla ya mechi.

Nadharia ni hii tu: usiamini kumbukumbu. Mwaka 1986 watafiti Ian Franks na Gary Miller waliwaonyesha makocha mpira kisha wakawauliza walichokiona. Matukio muhimu waliyoyakumbuka sawasawa hayakufika hata nusu, na hao walikuwa wametulia kwenye kiti, hawapigi kelele pembeni ya uwanja.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Video za mechi 5 za mwisho. Zikiwa 4 inatosha, zikiwa 2 soma sehemu ya matatizo huko chini.
- Kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video. Ni ya bure. Alama ya [ inapunguza mwendo, ] inauongeza, na ukishika Shift pamoja na mshale wa kushoto video inarudi nyuma sekunde 3. Vitufe hivyo vitakuokolea saa nzima kwa kila mechi.
- Watu wawili: mmoja anatazama na kutamka, mwingine anaandika. Mtu mmoja akifanya vyote, atakuwa anaandika wakati goli linaingia.
- Daftari kubwa na karatasi zenye mchoro wa uwanja, mbili kwa kila mechi, moja kwa kila kipindi.
- Kumbukumbu za mechi: nani alianza, nani alitoka dakika ya ngapi, kadi, na nani hakuwepo kwa sababu ya test au field (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo).
- Saa 3 kwa mechi ya kwanza. Kuanzia ya tatu mtamaliza ndani ya saa 2.

Kama bado hamrekodi, anzeni na mechi ijayo. Simu ikae kwenye stendi usawa wa mstari wa kati, juu kadiri inavyowezekana: ngazi za jukwaa, ghorofa ya jengo la jirani, hata nyuma ya pikapu. Ikiwa usawa wa kichwa cha mtu utaona miguu ya winga wa karibu na si kingine. Mechi za saa 10 jioni rekodi ukiwa upande wa magharibi ili jua liwe mgongoni kwako. Weka hali ya ndegeni, maana simu ikipigwa kurekodi kunaweza kukatika. Ubora wa 720p unatosha, unakula takriban GB 5 kwa mechi. Ukiweka 1080p, andaa zaidi ya mara mbili ya hapo, na pawabenki.

Kosa la kila anayeanza kurekodi ni kuufuata mpira kwa kuvuta picha karibu. Unachohitaji kuona ni watu kumi wasio na mpira. Acha picha iwe pana, geuza simu polepole.

Hatua ya 1: Chagueni mechi, na mziweke kwenye mizani sawa

Andika mechi 5 kwenye ukurasa mmoja: mpinzani, nyumbani au ugenini, uwanja wa nyasi au vumbi, mvua, nani alikosekana. Mechi mliyocheza mkiwa watu kumi kwa zaidi ya nusu saa itazameni, ila namba zake zisiingie kwenye jumla. Vivyo hivyo ile ya 7–0 dhidi ya timu iliyofika na wachezaji tisa. Hiyo ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu nayo inapendwa.

Hatua ya 2: Gawanyeni uwanja kanda 9

Chora mistari miwili kwa upana na miwili kwa urefu. Kanda 1, 2, 3 ni za mbele ya lango lenu, kutoka kushoto kwenda kulia mkiwa mnashambulia. Za 4, 5, 6 ni za katikati. Za 7, 8, 9 ni za kwao. Kwa hiyo kanda 2 ni mlangoni kwenu, 5 ni ya viungo, 8 ni mlangoni kwao.

Kwenye video huoni mistari hiyo, basi tumia kumi na nane, yaani eneo la penati, kama rula. Kutoka mstari wa goli hadi ukingo wake ni mita 16.5. Zidisha mara mbili upate 33, ambayo inakaribia theluthi ya uwanja wa mita 100. Kwa upana, kingo mbili za kumi na nane zirefushe kimawazo hadi upande wa pili: kilichomo kati yake ni njia ya kati, kilichobaki ni pembeni.

Hatua ya 3: Kubalianeni maana kabla ya kuhesabu

Watu wanairuka hatua hii, halafu wanagombana siku ya tatu. Andikeni ukurasa wa kwanza wa daftari:

- *Kupoteza mpira (P):* mpira uliokuwa mguuni mwetu umekwenda kwao au umetoka nje. Beki akiufyeka makusudi kujiokoa, si P.
- *Kunyang'anya (N):* tumeupata mpira na tukaumiliki angalau kwa pasi moja. Kuugusa tu na ukarudi kwao si N.
- *Kuingia (K):* mpira umeingia ndani ya kumi na nane yao na mchezaji wetu akaugusa humo. Krosi iliyompita kila mtu si K.
- *Shuti (S):* jaribio lolote la kufunga, kichwa au mguu. Ongeza n kama limepigwa ndani ya kumi na nane, j kama ni nje.
- *Nafasi ya wazi:* shuti la ndani ambalo kati ya mpigaji na goli yupo kipa peke yake.

Baada ya jina la tukio andika kanda, kisha namba ya jezi. Mstari mmoja wa daftari utasomeka hivi: 34:10 P5 (8). Dakika ya 34 na sekunde 10, namba 8 amepoteza kanda ya 5.

Sasa jipimeni. Kila mmoja ahesabu peke yake dakika 15 zilezile za mechi moja. Mkitofautiana zaidi ya tukio 1 kwa kila 10, tatizo ni maana mliyoandika, si macho. Irekebisheni, mrudie.

Hatua ya 4: Tazameni kwanza magoli, kwa kurudi nyuma

Kabla ya hesabu yoyote, chukueni kila goli mlilofungwa na kila nafasi ya wazi mliyoruhusu. Rudisheni video hadi sekunde 20 kabla, muitazame mara tatu. Mara ya kwanza mfuateni mwenye mpira. Ya pili tazameni mabeki wenu. Ya tatu tazameni upande ambao mpira haupo.

Mfano wa goli moja lilivyoandikwa:

34:10 P5 (8), pasi ya upande bila kuinua kichwa.
34:12 beki wa kushoto (3) yuko mbele ya mstari wa kati, kiungo mkabaji (6) hajasogea kuziba.
34:15 winga wao amepokea kanda ya 1, hana mtu.
34:19 krosi.
34:21 kichwa nguzo ya mbali, beki wa kati (5) amerukiwa.

Uwanjani lawama zote zilimwangukia namba 5, kwa sababu yeye ndiye aliyeonekana wa mwisho. Lakini mpira ulipomfikia, nafasi tatu za kulizuia goli zilikuwa zimeshapita. Chini ya kila goli andika neno moja tu la chanzo: *kupoteza katikati*, *mpira wa pili* (unaoanguka baada ya kugombaniwa), *kona*, *mpira mrefu nyuma ya mabeki*, *kosa la kipa*. Mkifungwa magoli 8 na 4 yakawa na chanzo kimoja, mmeshapata nusu ya jibu kabla hata hamjaanza kuhesabu.

Fanyeni hivyohivyo kwa magoli mliyofunga. Timu nyingi za vyuo hazijui zinafungaje.

Hatua ya 5: Hesabuni mechi nzima

Hapa ndipo jioni zinapoishia. Endesheni video kwa mwendo wa kawaida, mkiongeza mpira unapokuwa umetoka. Hesabuni haya tu:

1. Mashuti yetu na yao, n na j.
2. Kuingia kumi na nane, sisi na wao, na njia: krosi, pasi ya kati, kukokota, mpira uliokufa (kona, faulo, kurusha).
3. P na N, kwa kanda.
4. Kona na faulo za karibu, zetu na zao: ngapi, na ngapi zilizaa shuti.
5. Mipira ya kurusha: ngapi bado tulikuwa nayo sekunde 5 baadaye.
6. Goli kiki na mipira ya kipa: fupi au ndefu, na nani aliupata mpira wa pili.

Msiongeze cha saba. Asilimia ya kumiliki mpira inavutia kuitaja kwenye kundi la WhatsApp, lakini haikuambii ufanye mazoezi gani Jumatatu.

Mpira wa kurusha unadharauliwa mno. Mechi moja inaweza kuwa na zaidi ya 30 kwa timu zote mbili, na kwenye uwanja wa vumbi wenye upepo inazidi. Hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwenye kurusha, lakini timu nyingi zinasimama kana kwamba kupo: watu watatu wamejipanga mstari mmoja na mrushaji anatafuta wa kumrushia. Mkikuta mnapoteza zaidi ya nusu ya mnayorusha, hilo linarekebishika kwa mazoezi mawili.

Kwa kipa angalieni mambo mawili ya sheria. Tangu 2019 goli kiki haihitaji kutoka nje ya kumi na nane ndipo mpira uwe hai, kwa hiyo beki anaweza kuupokea humohumo ndani. Kama kipa wenu bado anapiga mbele zote na mpira wa pili mnaukosa, mna njia nyingine. Na tangu 2025 kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, adhabu yake ni kona. Hesabuni kwenye video anakaa nao muda gani, hasa mkiwa mnaongoza.

Hatua ya 6: Gaweni muda vipande sita

Dakika 0–15, 16–30, 31 hadi mapumziko, kisha vivyo hivyo kipindi cha pili. Pangeni magoli, mashuti yao na P za kanda 1 hadi 5 kwenye vipande hivyo.

Namba zikipanda kuanzia dakika ya 60, kila mtu atasema stamina na mtaanza kukimbia mizunguko. Ulizeni kwanza wachezaji wamekula saa ngapi. Mechi ni saa 10, kipindi cha darasani kimeisha saa 8, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) halijatoka, na winga amecheza na chai ya asubuhi. Hakuna mizunguko inayotibu hilo. Kinachotibu ni ndizi, mkate na maji saa mbili au tatu kabla ya mechi, kwa hela ya chama cha michezo.

Hatua ya 7: Geuzeni idadi kuwa uwiano

Namba tupu inapotosha. Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alianza kuandika matukio ya mechi kwa penseli mwaka 1950. Aliona magoli mengi yanatoka kwenye mashambulizi ya pasi 3 au pungufu, akahubiri mipira mirefu. Hakugawanya. Mashambulizi karibu yote katika soka yana pasi chache, kwa hiyo lazima magoli mengi yatoke humo. Swali lilikuwa: kati ya kila mashambulizi 100 ya aina hii, mangapi huzaa goli?

Kwa hiyo gaweni kila kitu. Tuseme katika mechi 5 mmepata kona 31, mashuti 4, goli 0. Mmepiga krosi 70, mkagusa mpira ndani mara 9. Kwa upande mwingine mmeingia kwa pasi za kati mara 22 tu, lakini 11 kati ya hizo zimezaa mashuti ya ndani. Picha imeshajichora: mnapitia pembeni kwa sababu mmezoea, na hatari yenu iko katikati.

Penati wekeni pembeni. Penati huingia takriban tatu katika kila nne, shuti la kawaida haliko karibu na hapo. Straika mwenye magoli 4, penati 3, si yule mnayemdhani.

Hatua ya 8: Mchezaji mmoja mmoja

Msitoe alama kama za magazeti, 6 au 7 juu ya 10. Mchezaji atasoma namba na kusahau sababu. Kila mmoja akatiwe vipande 3 vizuri na 3 vibaya, vya sekunde 10 hadi 20. Kabla ya kuviona, ajaze karatasi ya maswali matatu: nini ninafanya vizuri, wapi ninaiangusha timu, nataka msaada gani. Linganisheni na video mkiwa naye peke yake, dakika 10.

Zingatieni dakika alizocheza. P 12 za kiungo aliyecheza dakika 450 si sawa na P 9 za aliyecheza 180. Na kiungo mshambuliaji atapoteza mipira mingi kanda ya 8, kwa sababu kujaribu pasi ngumu ndiyo kazi yake. P za kanda 2 na 5 ndizo za kuumiza kichwa.

Hatua ya 9: Kikao cha timu

Dakika 30, chumba chenye projekta, vipande 8 kwa jumla, na 3 vya kwanza viwe vizuri. Usisimamishe video kwenye uso wa mtu aliyekosea. Simamisha kabla ya kosa, uliza: "Hapa tuna machaguo gani?" Mwache nahodha ajibu wa mwisho, akianza yeye wa mwaka wa kwanza hawatafungua mdomo.

Namba zisizidi tatu kwenye ubao.

Hatua ya 10: Chagueni mambo mawili, myapangie mazoezi

Mawili, si sita. Moja la kuzuia, moja la kushambulia. Kila moja liandikwe kwa namba ya leo na namba mnayoitaka baada ya mechi 3. Mfano: P za kanda 5 kutoka 14 kwa mechi hadi 9. Zoezi lake ni 5 kwa 5 pamoja na wawili wa pembeni, uwanja wa mita 30 kwa 25, mguso mara 2, dakika 4 mara 5, kupumzika dakika 2. Ukipoteza katikati goli la wenzako linahesabiwa mawili.

Baada ya mechi 3 hesabuni hayo mawili tu, msirudie kazi yote.

Mambo yakikwama

*Hatuna video kabisa.* Wachezaji wawili wa akiba au majeruhi wakae juu na karatasi. Mmoja ahesabu mashuti na kuingia, mwingine P za kanda 1 hadi 5. Mtu mmoja asipewe zaidi ya vitu viwili.

*Video inakatika katikati ya kipindi.* Kadi ya kumbukumbu ikiwa na mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Hamishia kurekodi kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, na usimamishe kurekodi wakati wa mapumziko.

*Tuna mechi 2 tu.* Fanyeni hatua ya 4 na mipira iliyokufa. Uwiano wa mashuti acheni, mechi 2 hazisemi kitu.

*Tunashinda lakini namba mbaya.* Angalieni mashuti ya ndani mnayoruhusu. Mkipigwa 9 kwa mechi na kipa anaokoa, rekebisheni sasa, kabla kipa hajaenda field.

*Namba nzuri lakini hatufungi.* Tazameni yalikopigwa mashuti. Yakiwa ndani na mengi ni nafasi za wazi, msimbadilishe straika kwa mechi 3 kavu. Yakiwa mengi ni j, tatizo liko kwa anayempa mpira.

*Nusu ya kikosi wako kwenye UE (mitihani ya mwisho wa muhula).* Kikao cha timu ahirisheni, vipande vya mtu mmoja mmoja watumieni kwenye simu. Vipunguzeni ukubwa kwanza, bando la mwanafunzi ni dogo.

*Mchezaji anabisha kila kipande.* Mpe daftari, ahesabu kipindi kimoja cha mechi ambayo hakucheza.